Mimi, Mugendi na Swali la Nani Anaandika Vizuri

Jumatatu, 5 Mei

Nimetambuliwa! Hatimaye!

Karimi, mwenyekiti wa chama cha wasomaji cha wanafunzi hapa Nchiru, amekuja kibandani kwangu na kurasa thelathini za kutoa fotokopi na ombi moja. Jumamosi wana mjadala kuhusu riwaya za kinjozi. Mazimwi, falme, uchawi, mambo yangu kabisa. Wanataka mtu mwenye ujuzi alinganishe waandishi na kusema nani anaandika vizuri zaidi. Nikamwambia ni vigumu mtu kujisifu mwenyewe lakini nitajikaza. Akasema, kwa upole sana, kwamba waandishi wanaolinganishwa ni wawili tu: Sabirin Younis wa Maua, na Mugendi wa Kibugu.

Mugendi!

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Nimeandika Falme Tatu za Nyambene, juzuu tatu, bila kosa hata moja la upatanisho wa kisarufi. Msomaji pekee ninayejua amefika juzuu ya tatu ni mimi, na hata mimi nilipumzika katikati.

Huyu Mugendi tulilala chumba kimoja chuo cha ualimu, Embu. Tulianza hadithi moja pamoja, ya mlinzi anayelinda theluji ya Mlima Kenya isiibwe. Baadaye akaacha ualimu, akarudi kwao Kibugu kwenye majani chai, akaiandika peke yake. Watu wakaipenda. Akaandika nyingine nne. Sijazungumza naye miaka tisa.

Anaandika kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua. Wahusika wake wanakosea ngeli. Katika kitabu chake cha tano nimehesabu neno "ghafla" mara arobaini na moja. Sikukinunua, sina wazimu. Mwanafunzi alisahau nakala yake hapa nikaitoa fotokopi, kuanzia sura ya kwanza. Kurasa za mwanzo ni za kupoteza wino.

Nimekubali mwaliko. Nina mpango.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wenyewe ni huu. Majina huwapofusha wasomaji. Ukiondoa majina, ubora utajitokeza wenyewe. Nimetoa fotokopi ya ukurasa mmoja wa Sabirin kwenye karatasi ya njano, mmoja wa Mugendi kwenye karatasi ya kijani, na mmoja wangu kwenye nyeupe, kwa kuwa nyeupe huonekana safi. Nani atajua kwamba kuna wa tatu? Watachagua nyeupe. Jumamosi nitatangaza matokeo na kushangaa mbele yao.

Kwanza nikafanya jaribio hotelini kwa Faadumo, saa nne, wateja wakiwa wamejaa. Nikagawa karatasi. Wakasoma. Nikakaa na chai yangu kama mtu asiyehusika.

Ya njano waliisifu. Sabirin anajua kutazama, hilo namkubalia. Ukurasa mzima kuhusu kivuli cha ngamia, na ngamia mwenyewe bado hajafika. Lakini ya kijani! Gitobu kinyozi aliisoma mara mbili akajipangusa pua. Faadumo aliacha maziwa yakafurika jikoni. Akaja na ile karatasi mkononi.

"Mwalimu, hii nani ameandika? Imenikumbusha ndugu yangu Abdimajid. Tulikosana kwa kitu kidogo, sasa hata simu hapigi."

Nikamuuliza, kama kwa bahati tu, anaionaje nyeupe.

"Nyeupe? Hiyo si ni fomu ya serikali?"

Kura: kijani saba, njano tatu, nyeupe moja. Hiyo moja ni ya mzee aliyekuwa ameishika juu chini. Nimeihesabu.

Jumatano, 7 Mei

Simu ya ajabu. Nelius, mke wa Mugendi. Sauti yake sikuitambua mwanzoni, ilikuwa imechoka. Amesema Mugendi alipata kiharusi mwezi wa tatu, akalazwa Embu mjini wiki tatu, sasa yuko nyumbani. Upande wa kulia haufanyi kazi. Maneno yamepotea. Lakini kila akipewa simu, anatafuta kwa kidole cha kushoto mpaka afike kwenye jina langu, anaonyesha.

"Shemeji, njoo wiki hii," akasema. "Usingoje."

Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Niliona chumba chetu cha chuo, vitanda viwili, daftari moja katikati.

Kisha akili ikanirudia. Wiki hii? Wiki ya mjadala? Mtu mgonjwa hupendwa. Wanafunzi wakisikia, nani atampigia kura Sabirin, seuze mimi? Huenda ni njama. Sisemi ni njama. Nasema huenda.

Nilimpigia Nelius nikamwambia nitakuja Jumapili, baada ya shughuli. Akasema sawa. Hakuuliza ni shughuli gani. Afadhali.

Ijumaa, 9 Mei

Mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza. Siri ni sauti! Kesho mimi ndiye nitakayesoma kurasa zote tatu. Ya Mugendi nitaisoma bila hisia yoyote, kama tangazo la kukatika kwa maji. Ya Sabirin nitaisoma haraka. Yangu nitaisoma kwa moyo wote, mkono mmoja hewani.

Nimefanya mazoezi kibandani mchana kutwa. Mteja mmoja aliniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 10 Mei

Siwezi kuandika haya. Nitayaandika.

Ukumbi ulijaa. Sabirin mwenyewe alikuwapo, msichana mwembamba mwenye buibui nyeusi na miwani, amekaa mstari wa mbele, anatabasamu kwa kila mtu. Nilianza na takwimu. Idadi ya vivumishi. Urefu wa sentensi. Ghafla arobaini na moja. Wanafunzi walicheka. Nikasema Mugendi hajui kujenga pambano, zimwi lake linashindwa kwa kuzungumzishwa, na kwamba mtu anayeacha mhusika aseme "mtoto yangu" hajali lugha. Kijana wa nyuma akasema kwao ndivyo watu husema. Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Wakacheka tena. Nilikuwa nimenawiri!

Kisha nikasoma karatasi ya kijani, kwa sauti ya tangazo la maji:

"Kila asubuhi Mlinzi alipika uji wa vikombe viwili. Kimoja akanywa. Cha pili akakiweka juu ya jiwe, upande wa daraja ambao rafiki yake aliondokea. Jioni akaumwaga. Hakukasirika. Uji ni kazi ndogo, alisema. Na akija ana njaa, nitamwambia nini? Mwaka wa kwanza ukaisha. Mwaka wa pili. Mwaka wa tisa theluji ilikuwa imepungua, lakini uji haukupungua."

Ile sauti kavu iliniponza. Kadiri nilivyoikausha ndivyo ukumbi ulivyozidi kunyamaza. Ukurasa ule hauhitaji kusaidiwa na mtu. Hapo kwenye mwaka wa tisa nilisoma mstari mmoja mara mbili, nikajifanya nakohoa. Msichana wa mstari wa pili alikuwa akilia waziwazi.

Nikasoma ya Sabirin. Nikasoma yangu, mkono hewani: "Ilhali mfalme huyo, ambaye nasaba yake tumekwisha kuidokeza katika juzuu iliyotangulia..." Mtu mmoja akauliza kwa heshima choo kiko wapi. Watu wanne wakaenda kukitafuta.

Karimi akamwalika Sabirin aseme neno. Nilimngojea ajisifu. Akasimama, akasema hawezi kulinganishwa na Mugendi kwa sababu alijifunza kwake. Akiwa kidato cha tatu alimwandikia barua, Mugendi akamjibu, kurasa sita. Alimwambia asiogope sentensi fupi, lakini kwa kuweka nukta aliyekuwa bingwa hakuwa yeye Mugendi, alikuwa rafiki yake wa chuo. Kisha akafungua kitabu cha tano, kile kile, mwanzoni kabisa. Akasema hadhani watu husoma tabaruku, lakini yeye huzisoma. Akasoma:

"Kwa Kiambi wa chumba namba kumi na moja, aliyenifundisha mahali pa kuweka nukta. Uji bado upo."

Akakifunga. Akauliza wenyeji kama wanamjua huyo Kiambi ni nani, maana yeye angependa kumwona.

Karimi alikuwa akinitazama. Kisha ukumbi mzima ukawa unanitazama. Bango lilikuwa nyuma yangu na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kurasa za kupoteza wino, nilisema.

Jumapili, 11 Mei

Kibugu. Nimeondoka Nchiru kabla ya watu wa kanisa, nimefika saa sita. Mvua ndogo, ukungu umekaa juu ya majani chai, msitu hauonekani. Nelius alinipokea langoni. Amekonda. Hakunilaumu. Nilikuwa nimetayarisha majibu manne ya lawama, yote yakabaki mfukoni.

Mugendi alikuwa barazani kwenye kiti, blanketi magotini. Nywele nyeupe kabisa. Nusu ya uso imelala. Aliponiona nusu nyingine ikafanya kazi ya nusu zote mbili.

Amebakiwa na neno moja: ndiyo. Yeye aliyejaza vitabu vitano. Nelius alinieleza kwamba analisema kwa kila kitu, huwezi kujua anachomaanisha.

Nikamuuliza kama ananijua. Ndiyo. Kama amenikasirikia. Ndiyo. Kama amenisamehe. Ndiyo. Nikamweleza kuhusu jana, kila kitu, hata ule mkono hewani. Alicheka mpaka machozi yakatoka jicho moja. Nilicheka pia. Halafu sikuwa nacheka. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa changu kama padri, akauacha hapo. Ulikuwa mzito na wenye joto.

Kabla sijaondoka, Nelius akiwa jikoni, nilimuuliza kwa sauti ndogo, kati yetu wawili, nani anaandika vizuri zaidi, si ni mimi?

"Ndiyo," akasema Mugendi.

Nimeandika jibu hilo hapa kwa kumbukumbu. Nilimwambia Nelius. Alisema asubuhi hiyo hiyo mbuzi alipata jibu kama hilo.

Kisha akaleta bahasha. Kitabu cha sita. Sura zote zipo isipokuwa ya mwisho. Kabla ya kiharusi Mugendi alimwambia kwamba likimpata lolote, kitabu kimaliziwe na Kiambi. Nelius alinitaka niahidi mambo mawili: kwamba sitagusa hata neno moja ambalo mumewe ameandika, na kwamba Alhamisi nitarudi nimsomee Mugendi sura moja moja, maana yeye Nelius macho yake hayaoni vizuri mwandiko. Niliahidi yote mawili. Kwa moyo safi! Mugendi akasema ndiyo. Safari hiyo nilijua anamaanisha nini.

Jumatano, 14 Mei

Meru mjini, kwa Burale, mwenye duka la vitabu na mashine ya kuchapa. Mtu mzuri, ana haraka daima. Nimeona ni busara kutayarisha jalada mapema, ili kitabu kisichelewe. Jambo dogo tu: majina mawili yawekweje. Nikamweleza Burale kwamba kwa alfabeti K hutangulia M, si mimi niliyepanga. Burale akasema wateja wake wanamjua Mugendi, hawamjui K. Tukabishana. Tukakubaliana atengeneze sampuli mbili, nizione kesho asubuhi.

Kesho ni Alhamisi.

Nimempigia Nelius nikamwambia nitafika Ijumaa, kuna shughuli ya kitabu. Sikudanganya. Ni shughuli, na ni ya kitabu. Akasema Mugendi amenyolewa ndevu leo, kwa ajili ya kesho. Kisha akasema sawa, Ijumaa.

Alhamisi, 15 Mei

Sampuli nzuri sana. Ile ya K mbele ina uwiano. Burale aliondoka kwenda swala ya adhuhuri, nikamngojea. Akarudi, mteja akamshika. Nikangoja tena. Saa kumi nikamaliza. Nimechukua sampuli zote mbili nimwonyeshe Mugendi kesho.

Ijumaa, 16 Mei

Mugendi amefariki. Jana, saa tisa alasiri, kwenye kile kiti barazani.

Nelius alinipigia nikiwa nafunga kibanda ili niondoke. Aliniambia yote bila kulia. Alimweleza Mugendi kwamba ni Ijumaa, si Alhamisi. Mugendi akasema ndiyo. Lakini asubuhi alisukuma blanketi na kuonyesha lango, mpaka wakamgeuzia kiti akaelekea huko. Alikaa hivyo. Chakula cha mchana alikilia hapo. Nelius aliingia ndani kuchukua dawa, akatoka, akamkuta ameinamisha kichwa.

Nilifungua kibanda tena. Sijui kwa nini. Mwanafunzi akaja na kitambulisho akitaka nakala mbili. Nikatoa nakala kumi na nne. Akaziangalia, akaniangalia mimi, akachukua zote.

Saa tisa jana nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Burale nikiangalia herufi K.

Jumamosi, 24 Mei

Tumemzika. Mvua ilikatika saa nne, udongo ukawa mwekundu na mzito, vijana waliokuwa wakifukia walikwama viatu. Wachuma chai walikuja na vikapu vyao kutoka shambani. Watu waliokuja sikuwahi kufikiri wanasoma: fundi wa pikipiki, wauguzi wawili, mzee wa Mbeere aliyekuja kutoka nyanda za chini na mbuzi wa kumpa mjane. Mzee huyo alisema mtoto wake alimsomea kitabu cha Mugendi chote, akitafsiri kwa Kimbeere, na hajui kama mengine yalipotea njiani lakini yaliyofika yalitosha.

Sabirin alizungumza. Maneno mazuri, yenye picha. Alisema theluji, alisema daraja. Watu walitikisa vichwa.

Kisha wakaniita mimi. Nilikuwa na kurasa sita. Nilizitoa mfukoni, nikaona kaburi, nikaona kile kiti wamekileta wakakiweka kando na blanketi juu yake, limekunjwa. Nikazirudisha kurasa mfukoni. Nilisema, "Alinisubiri, nikachelewa." Nikakaa chini.

Nelius alinishika mkono. Hakuniambia si kitu. Alinishika tu mkono mpaka wimbo ukaisha. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, ya kushikwa mkono na mtu uliyemkosea.

Nimeapa pale kaburini, kimya kimya, kwamba mimi nimebadilika. Sitashindana tena na mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa.

Jumatano, 28 Mei

Nimeanza kazi ya kitabu. Kwa unyenyekevu.

Watu wengi, hasa wale wauguzi, waliniambia kwamba rambirambi zangu ndizo zilizowagusa kuliko zote. Sitaki kuyazungumza haya. Lakini ukweli ni ukweli: Sabirin alitumia dakika tisa, mimi maneno mawili, na waliolia wakati wangu walikuwa wengi zaidi. Nilitazama nyuma kidogo. Upande wa kushoto peke yake walikuwa zaidi ya ishirini. Wakati wake, labda wanane, na wawili walikuwa na mafua.

Nimesoma sura zote za Mugendi. Ni nzuri. Niseme tu: ni nzuri sana, nililazimika kuziweka chini mara kadhaa na kutoka nje nikatazame barabara. Kuna mahali Mlinzi anakuwa mzee na kusahau jina la mlima wenyewe, akawa anauita "wewe". Mimi nisingeweza kuandika hivyo. Naandika hili hapa ambapo hakuna atakayelisoma.

Ahadi nimeitunza. Nimebadilisha neno moja tu, ngeli ilikuwa imekosewa, hata yeye angetaka. Na aya moja iliyofuata, ili ipatane na neno hilo. Na sura ya tatu.

Sura ya mwisho bado sijaianza. Kuna jambo la jalada kwanza. Burale anasema sasa lazima kuwe na picha ya marehemu, nami naona haki itendeke, picha mbili, za ukubwa mmoja. Yeye anasema yangu iwe nyuma, ndogo kama stempu. Tunakutana kesho, nimweleweshe.

Leo asubuhi Nelius amepiga simu. Watoto wamerudi Nairobi, nyumba imekuwa kimya. Ameomba nije kesho, nikae naye barazani, nimsomee alichoandika mumewe, hata ukurasa mmoja, asikie tena anavyoongea. Alisema kwamba kifua kinamsumbua tangu mazishi, baridi ya Kibugu labda, na kwamba angependa iwe kesho.

Nimemwambia kesho nimebanwa. Wiki ijayo, bila kukosa. Amesema sawa.

Mwanamke mwelewa sana. Na wiki ijayo si mbali.